Dawa za kibayolojia za viwavijeshi: ipi ununue kwanza

Kama unalima Ruai, Njiru au Kamulu, huku pande za mashariki ya Nairobi, na mahindi yamefika magotini, huenda umeshaona majani yenye vidirisha vyeupe na kitu kama unga wa mbao kwenye moyo wa mmea. Huyo ni kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa Kenya mwaka 2017. Kabla hujapanda matatu kwenda mjini kununua dawa, fungua moyo wa mmea umtazame. Usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Mpime kwa ukucha wa kidole chako kidogo. Akiwa mfupi kuliko ukucha, dawa zote nitakazotaja zinamweza. Akishanenepa, huwa amejichimbia ndani na kuziba mlango kwa kinyesi chake. Hapo usinunue chochote kati ya hivi, maana utapoteza pesa.

Nafasi ya kwanza naipa Bt, yaani bakteria wa Bacillus thuringiensis. Kiwavi lazima aile pamoja na jani. Utumbo wake huharibika, anaacha kula ndani ya saa chache, kisha anakufa baada ya siku mbili tatu. Wengi hukata tamaa asubuhi ya pili wakimwona bado yupo, wakakimbilia sumu kali. Tafadhali ngoja. Tazama jani jipya: kama halina tundu, dawa imeshika. Nyuki hawadhuriki, na kunde ulizochanganya na mahindi utazichuma bila hofu. Maji yenye magadi huipunguza nguvu, kwa hiyo mimi huchanganya kwa maji ya mvua niliyokinga, na sibakishi ya kesho.

Ya pili ni mwarobaini. Humfanya kiwavi asusie chakula na ashindwe kujivua ngozi, kwa hiyo haiui upesi na itabidi urudie. Naipandisha juu kwa sababu chupa hiyohiyo itakusaidia kwa vidukari vya sukuma wiki. Soma lebo iseme kiwango cha azadirakitini, yaani kiini cha mwarobaini kinachofanya kazi. Mafuta ya mwarobaini ya kupaka mwilini si dawa ya shamba.

Ya tatu, virusi vinavyoua kiwavijeshi huyu peke yake. Kiwavi aliyeambukizwa hupanda juu ya mmea, huning'inia, huyeyuka na kudondosha ugonjwa kwa wenzake. Ni silaha nzuri ajabu, na ingekuwa juu ya mwarobaini kama ingepatikana kila duka na isingehitaji kuhifadhiwa mahali pa baridi.

Kuvu wa Metarhizium nimemweka mwisho kwa ajili ya hali ya hewa yetu tu. Wanasayansi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, wamemchunguza kwa miaka mingi. Anataka unyevu: wakati wa masika mnunue, Januari mwache. Usimchanganye na dawa ya ukungu.

Dukani, uliza kwanza pakiti ilikuwa wapi. Niliwahi kununua Bt katika duka moja mjini, pakiti ikiwa imepangwa dirishani juani. Nilinyunyiza nusu ekari jioni nzima na viwavi wakaendelea kula kama kawaida. Iliniuma sana, kwani wiki hiyo moja ndiyo iliyokuwa yangu ya kuokoa mahindi. Siku hizi naomba ya rafu ya ndani, natazama tarehe ya mwisho na namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayodhibiti dawa za wadudu. Halafu napiga hesabu ya bei kwa bomba la lita 20, si kwa chupa, kwa sababu chupa ndogo ya bei rahisi huweza kuisha kwa bomba mbili.

Nyunyiza kuanzia saa kumi na moja jioni, pua ya bomba ikielekea moyoni mwa mmea. Jua huua bakteria na virusi, na kiwavi mwenyewe hutoka kula giza likianza.

Mtego wa feromoni, yaani wa harufu inayovuta nondo dume, usiuhesabu kama dawa. Unakujulisha tu kwamba nondo, wazazi wa viwavi hawa, wamefika. Mwenye ng'ombe afikirie sukuma-vuta: desmodiamu, mmea unaowafukuza nondo, katikati ya mistari, majani ya nepia yanayowavuta kuzunguka shamba, na juu yake unapata lishe ya ng'ombe. Na kabla hujanunua lolote, geuza majani utafute mayai yaliyorundikana chini ya manyoya ya kijivu. Yaponde kwa vidole siku hiyohiyo, kwani huanguliwa ndani ya siku chache.