Feni za rejeta za bei nafuu: uzoefu wangu na joto la Mtwara

Nahariri video za harusi. Chumba changu cha kazi kiko Shangani, karibu na bahari, na Januari saa nane mchana kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 31. Kompyuta yangu inapozwa kwa maji, rejeta ya milimita 240, yaani kile kipozeo ambacho maji ya moto hupita ili feni ziyapoze, imefungwa juu, ndani ya kesi. Maji hayawezi kupoa kuliko hewa inayopita kwenye rejeta, kwa hiyo mwenzangu wa Njombe ananizidi kabla hatujawasha mashine. Huku kwetu kila nyuzi moja naigombania.

Feni za mwanzo zilipochoka nilinunua mbili zenye taa za rangi. Muuzaji akanionyesha boksi: "Dada, angalia hapa, hizi zinavuta hewa kuliko zote." Kweli, namba ya hewa ilikuwa kubwa. Namba ya nguvu ya kusukuma haikuwepo, nami sikuiuliza. Kumbe ile ya hewa hupimwa feni ikiwa wazi, haina kizuizi mbele yake. Rejeta ina mapezi membamba yaliyobanana, na feni isiyo na msukumo ikikutana nayo inazunguka tu. Nilipoweka kiganja upande wa pili nilihisi pumzi kama ya mtoto aliyelala. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ikapanda hadi nyuzi 94 wakati wa kutoa video iliyokamilika, mashine ikajipunguzia kasi, na kazi ya Ijumaa ikamfikia bibi harusi Jumapili. Iliniuma sana.

Mwezi wa tano moja ikaanza kulia. Nilipoifungua nikakuta ni ya bushi, yaani mhimili wake unazunguka ndani ya kibomba chenye mafuta, bila gololi. Feni ya bushi huisha upesi ikifungwa kwa kulazwa, na rejeta ya juu ya kesi hulaza feni.

Safari hii nilisoma kwanza. Msukumo huandikwa kwa milimita za maji, na mimi sikutaka chini ya 2. Noctua NF-A12x25 ina 2.34 na ni feni nzuri mno, ila bei yake ilinishinda. Arctic P12 ina 2.2, inafika mizunguko 1800 kwa dakika, haitumii bushi ya kawaida, na bei yake haifiki nusu ya ile nyingine. Kwa tofauti hiyo ndogo ya msukumo sikuona sababu ya kujikamua. Kuna boksi la feni tano ambalo hushusha bei zaidi, basi tukachanga: mbili zangu, mbili za kaka mwenye studio ya picha Chikongola, na ya tano tukagawana gharama. Mdogo wangu alilichukua Dar akalituma kwa basi.

Chukueni za waya wa pini nne, ili madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, ipandishe na kushusha kasi kadiri ya joto. Zangu zinaungana zenyewe kwa zenyewe, waya mmoja tu unaingia kwenye madabodi.

Kwenye kufunga, tafadhali pimeni skrubu. Feni ina unene wa milimita 25, skrubu ya 30 inatosha. Fundi alikuwa ameshashika ndefu zaidi, nikamzuia. Ingetoboa mfereji wa maji, na hapo rejeta ndiyo imekwenda.

Chumba kikiwa na joto lilelile na kazi ikiwa ya aina ileile, prosesa sasa inaishia 85. Nimeziwekea kikomo cha mizunguko 1400, maana kuzipeleka 1800 kunanipa nyuzi mbili tu na kelele inaongezeka. Hazina taa. Mteja akija ofisini haoni cha kushangaa, na kwangu ni sawa kabisa.

Miezi minane sasa. Kila mwisho wa mwezi nafuta vumbi kwa brashi ya rangi, laini. Skrubu mbili zimeanza kushika kutu kwa hewa ya chumvi, nimezipaka grisi kidogo. Ile feni ya tano bado iko kwenye droo ya kaka wa Chikongola, tunaisubiri itakayotangulia kufa.