Juisi ya zabibu "haijaongezwa sukari", geuzeni chupa kwanza

Nimeinunua duka moja la Area D hapa Dodoma, chupa ya mil 300, jina la kampuni naliacha maana sina ugomvi na mtu. Ladha kwa kweli iko poa, zabibu yenyewe kabisa, ina kale kaugwadu ka mwisho kama unakula zabibu za Hombolo, na ikiwa ya baridi kwa jua hili la kwetu haikai mkononi.

Shida ni maandishi ya mbele, herufi kubwa za kijani HAIJAONGEZWA SUKARI. Mama yangu ana sukari, na mimi kuona vile nikambebea nikamwambia mama hii kunywa tu bila wasiwasi, akanywa yote, baada ya masaa mawili tunampima kile kimashine kinasoma 14 na asubuhi alikuwa 7. Niliogopa jamani.

Ndo nikageuza chupa. Viungo: maji, konsentreti ya zabibu, asidi ya sitriki. Chini yake sukari gramu 15 kwa kila mil 100, kwahiyo chupa nzima gramu 45, na kijiko cha chai ni kama gramu 4, yaani hapo ni vijiko 11. Konsentreti ni juisi iliyotolewa maji ikabaki nzito, kiwandani wanairudishia maji tu, kwahiyo ni kweli hakuna aliyechota sukari akamwagia, ila Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2015 wameweka juisi na konsentreti kundi moja na asali, sirapu na sukari ya dukani, na wanasema mtu mzima ikiwezekana abaki chini ya gramu 25 hivi za sukari ya kundi hilo kwa siku. Tunda zima halimo, maziwa hayamo. Ndo maana mtindi mtupu ukisoma sukari gramu 5 kwa kila gramu 100 usishtuke, hiyo ni ya maziwa yenyewe, ule wa vanila wenye 12 ndo ujiulize zile zingine zimetoka wapi.

Juisi nawapa 4 kati ya 5, maandishi ya mbele nawapa 1. Naombeni muandike vile vijiko 11 hapohapo mbele kwa herufi hizohizo, wagonjwa wetu wanasoma mbele tu. Mama saivi namchukulia zabibu zenyewe soko la Majengo, kichala kidogo, nesi wa kliniki kamwambia punje chache na asizikamue.