TAHADHARI: MacBook kuukuu zinazouzwa Kampala kwa jina la "kivinjari kipya"

Ndugu zangu wa Kampala, na ninyi wa Arua, Mbarara na Jinja mnaoagiza vitu mjini vikaja kwa basi, someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna muuzaji anauza MacBook za zamani akidai ameziwekea kivinjari cha kisasa, kisha anamtoza mnunuzi ada ya kila mwezi ili kivinjari hicho "kisiishe muda". Mashine zake zimeanza kufika kwenye meza yangu ya ufundi, na zote zimefanyiwa mchezo uleule. Bei inauma, lakini linalonitia hasira zaidi ni kwamba ulinzi wa mtandao umezimwa makusudi kwenye kompyuta ambazo watu wanaingilia benki.

Nitaeleza mashine ya mama mmoja anayeuza vitenge Kikuubo, kwa ruhusa yake. Aliinunua shilingi laki tisa, akaambiwa ni MacBook Pro ya 2012. Muuzaji aliigeuza, akamwonyesha maandishi madogo chini yake: A1278. "Mama, tafuta namba hiyo mtandaoni uone kama si ya 2012." Mama akatafuta, akakuta ni kweli. Asichoambiwa ni kwamba Apple ilitumia A1278 hiyohiyo kwenye laptopu zake za alumini za inchi 13 kuanzia mwisho wa 2008 hadi 2012. Kwa nje huwezi kuzitenganisha kwa haraka.

Ya kweli inasemwa na mashine yenyewe. Bonyeza alama ya tufaha juu kushoto, chagua mstari wa kwanza kabisa, About This Mac. Ya mama iliandika Mid 2009, prosesa Core 2 Duo. Ile ya 2012 ina Core i5 au i7. Tazama na ubavuni, penye tundu la kuunganishia skrini: ya 2012 ina kialama cha radi, ya 2009 haina. Chini karibu na A1278 pana namba nyingine iliyotanguliwa na herufi EMC. 2326 ni ya 2009, 2554 ni ya 2012. Lakini bati la chini hufunguliwa kwa bisibisi na kubadilishwa, kwa hiyo namba ya kwenye bati peke yake isikutoshe.

Mtu atauliza, miaka mitatu ina nini? Ina mengi. MacBook Pro ya 2009 Apple iliifikisha El Capitan, yaani mfumo wa macOS 10.11, ikaishia hapo. Ya 2012 inafika Catalina, 10.15. Na kivinjari hufuata mfumo. Kwenye El Capitan, Safari, kivinjari cha Apple yenyewe, iligota kwenye 11.1.2. Chrome ya mwisho kukubali El Capitan ni ya 103, iliyotoka 2022. Ya mwisho kukubali Catalina ni ya 128, ya 2024. Firefox nayo iliacha El Capitan kwenye toleo la 78 ESR (ESR ni matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu), na wenye mifumo ya 10.12 hadi 10.14 wakabaki na 115 ESR, ambayo Mozilla imeiongezea muda wa matengenezo zaidi ya mara moja. Kuanzia 116 kwenda mbele, Firefox ya kawaida inataka 10.15. Kwa hiyo mtu anayekuuzia El Capitan yenye "Chrome mpya kabisa" ana jambo la kueleza.

Sasa huyu bwana alifanyaje? Mama aliponiletea, malalamiko yake yalikuwa kwamba tovuti nyingine zinafunguka vipande vipande na vitufe havibonyezeki. "Lakini mwanangu, kivinjari ni kipya, mimi hulipia kila mwezi." Akanionyesha ukurasa wa kupima vivinjari: kweli, ulisema ana Chrome ya karibuni. Nikaandika chrome://version kwenye sehemu ya anwani nikabonyeza Enter. Mstari wa juu: 103. Nikashuka hadi palipoandikwa Command Line, yaani amri ambazo Chrome ilipewa wakati wa kuwashwa. Pale ndipo nilipoona kila kitu.

Amri ya kwanza ilikuwa --user-agent, ikifuatwa na jina refu la uongo. Kila kivinjari hujitambulisha kwa tovuti kinayoitembelea: mimi ni fulani, toleo fulani, nipo kwenye mfumo fulani. Tovuti haina namna rahisi ya kuthibitisha, inaamini. Ukibadilisha utambulisho huo, onyo la "kivinjari chako kimepitwa na wakati" linapotea, lakini ndani ni Chrome ileile ya 2022 yenye mianya yote iliyogunduliwa na kuzibwa tangu wakati huo kwa wengine, si kwako. Ndiyo maana vitufe vya mama havikufanya kazi: tovuti ilimtumia msimbo wa kivinjari ambacho hana.

Amri ya pili ndiyo iliyonikalisha kimya. --ignore-certificate-errors. Maana yake ni kuiambia Chrome isijali cheti cha usalama, kile kinachothibitisha kwamba tovuti ni yenyewe, kikiwa na kasoro, hata kikiwa bandia. Na ya tatu, --test-type, ambayo kazi yake hapo ni kuficha ule ukanda wa onyo ambao Chrome huuweka juu mtu anapotumia amri ya hatari kama hiyo. Mtu aliyeandika zote mbili pamoja alijua anachoficha. Hakuna wa kuniambia kwamba ni bahati mbaya.

Sababu ya kuiweka naielewa. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama cha zamani kilichobeba vyeti vya Let's Encrypt kiliisha muda, na El Capitan haikijui kile kilichochukua nafasi yake, ISRG Root X1. Let's Encrypt hutoa vyeti vya bure na tovuti nyingi sana duniani hutumia, basi kwenye mashine kama ile ya mama kila baada ya kubofya mara chache unakutana na ukurasa wa "muunganisho wako si salama". Dawa yake ipo na haina gharama: unapakua ISRG Root X1 kutoka tovuti ya Let's Encrypt yenyewe, ukitumia simu au kompyuta nyingine, unaiingiza kwenye Keychain, programu ya Mac inayotunza vyeti na manenosiri, na kuiwekea alama ya kuaminiwa. Au unatumia Firefox, ambayo hubeba orodha yake ya vyeti bila kutegemea mfumo. Huyu aliona ni kazi. Akang'oa mlango mzima.

Fikiria mama huyo amekaa kwenye mkahawa Kampala Road, anatumia Wi-Fi ya bure, anafungua benki yake au anaingia mtandao wa URA, mamlaka ya mapato, kuwasilisha ritani ya kodi. Mtu mwingine kwenye Wi-Fi hiyo akijiweka katikati na cheti cha kughushi, kivinjari kizima cha kawaida kingepiga kelele. Cha mama kingempokea mgeni na kumpa nenosiri.

Na ile ada? Shilingi elfu thelathini kila mwezi kwa pesa ya simu, eti ya "leseni ya kivinjari". Ndani ya mashine nilikuta programu ya kuingilia kompyuta kutoka mbali, imewekwa ijiwashe yenyewe, na nenosiri lake analo muuzaji. Ikoni ya Chrome pale chini ya skrini haikuwa Chrome. Ilikuwa kijiprogramu kidogo kinachoiwasha Chrome kwa zile amri tatu. Mama akilipa, jamaa anaingia kutoka alipo na kuongeza tarakimu kwenye jina la uongo. Hiyo ndiyo apdeti anayoiuza. Chrome ni bure, Firefox ni bure, hazijawahi kuwa na leseni ya mwezi. Yeyote anayekutoza ada ya kivinjari, iwe ni Mac au Windows, anakuibia.

Niseme pia kwamba sina ugomvi na Mac kuukuu. Ile ya 2009 ni chuma cha maana: unaifungua kwa bisibisi, unaweka RAM hadi GB 8, unatoa diski ya zamani na kuweka SSD, na kibodi yake bado ni tamu. Fundi anayeiuza kwa jina lake halali, kwa bei yake halali, anafanya biashara nzuri. Na njia za kupata kivinjari cha kweli zipo. Kwa mtu anayehitaji intaneti tu, mimi naweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya macOS, na Firefox ya leo inakuja nayo. Wi-Fi ya mashine hizi mara nyingi haiwaki mwanzoni kwa sababu inataka draiva ya Broadcom, yaani programu ya kuiendesha kadi ya Wi-Fi. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB igawe intaneti, pakua draiva, mambo yanakwisha. Ndivyo nilivyomfanyia mama. Asiyetaka kuiacha macOS anaweza kutumia OpenCore Legacy Patcher, kazi ya watu wanaojitolea, inayopandisha Mac ambazo Apple imeziacha hadi mifumo mipya zaidi. Ni ya bure pia. Ila ujue kadi ya picha ya 2009 haiwezi Metal, teknolojia ya picha ya Apple ambayo mifumo mipya inaitegemea, kwa hiyo utaona uzito, na kuipandisha kunahitaji kulegeza baadhi ya ulinzi wa mfumo. Fundi mwaminifu atakwambia hilo kabla hujalipa, na atakutoza ufundi wake mara moja, basi.

Kama umeshanunua kwa huyu mtu au kwa yeyote mwenye maneno kama yake, usianze kwa kumpigia. Zima Wi-Fi ya ile mashine kwanza. Chukua simu yako, kwa data yako mwenyewe, badilisha nenosiri la barua pepe, halafu la benki, halafu mengine, na uwaarifu benki. Ukiwa bado umezima intaneti, fungua chrome://version upige picha ya mstari wa Command Line. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao utazame kama kuna proksi usiyoijua, yaani kompyuta ya kati inayopitishiwa mawasiliano yako, na kwenye Keychain utazame vyeti vilivyoongezwa. Ukiona chochote, usifute. Picha hizo, pamoja na meseji za malipo zenye namba za muamala, ndizo utakazopeleka polisi. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011. Ukishahifadhi ushahidi ndipo mashine ifutwe yote na kuwekewa mfumo upya, maana kuondoa ikoni peke yake hakumtoi aliyeko ndani.

Jamaa huyu hana duka. Anakutana na wateja kwenye ngazi za plaza, anashika mashine mwenyewe wakati wa kuonyesha na hakuachii uandike kitu. Namba yake ya simu ameshaibadilisha, lakini maneno ni yaleyale: "imefanyiwa apdeti ya maisha, kivinjari ni cha mwezi huu." Mwombe akuachie kibodi kwa dakika moja, na kwenye risiti aandike mwaka wa mashine kama unavyosomeka kwenye About This Mac, pamoja na namba ya utambulisho ya mashine (serial number). Mama wa Kikuubo alipompigia kudai pesa zake, simu ilikatwa. Shauri lake liko polisi sasa, na wengine wawili waliouziwa mashine za namna hiyo wamekubali kuandikisha maelezo. Kama nawe uliuziwa, andika hapa chini tukuunganishe nao.