Kupanuliwa mshipa wa kifua kwa puto: uzoefu wangu

Pete ya ndoa ndiyo iliyonistua. Iligoma kutoka, hata kwa sabuni. Mkono wa kushoto, wenye fistula (mshipa uliounganishwa na ateri ili mashine ya kusafisha damu ipate njia), ukawa mzito kama nimebeba ndoo, nikiamka uso umevimba, na mishipa imejichora kifuani kama mizizi. Nikadhani nimezidisha maji. Kwa upepo huu wa Dodoma, nani asizidishe? Lakini maji hayachagui mkono mmoja.

Kituoni ninakosafisha damu nesi aliniambia, "Mama, umeulalia tu." Basi nikakaa nao wiki tatu zaidi, huku mashine ikilia kila mara kwamba presha ya damu inayorudi iko juu, na sindano zikitolewa damu haikatiki.

Daktari wa figo aliponiona aliuliza kwanza: mpira wa mwanzo wa kusafishia damu, kabla ya fistula, uliwekwa wapi? Chini ya mtulinga, kushoto. Akaguna. Mpira ukikaa pale husugua ukuta wa mshipa, pakawa na kovu, mshipa ukasinyaa. Fistula nayo inasukuma damu nyingi kwa kasi, ikifika penye kovu inakwama. Ndiyo maana madaktari hupendelea kuuweka shingoni kulia, njia imenyooka. Mimi siku ile nilikuwa hoi, ningechagua upande gani?

Rufaa ikawa Dar es Salaam. Treni ya SGR, nauli shilingi 31,000, mkono nimeuegemeza juu ya begi, safari nimeibana katikati ya siku mbili za mashine.

Hulazwi usingizi, ni ganzi tu. Waya mwembamba unapitia kwenye fistula, wanapiga dawa mshipa uonekane kwenye skrini, kisha puto linajazwa pale palipobana. Hapo kifua kiliuma, nikapiga yowe bila aibu. Kwenye skrini puto lilikuwa limekatika kiuno kama nyigu. Waliporudia, kiuno kikapotea.

Siku ya pili pete ilivuka.

Natoa nyota 4. Moja nimeikata kwa sababu hakuna aliyeniambia mapema kwamba mshipa huu una tabia ya kusinyaa tena. Mwezi wa tano baada ya puto uvimbe ulirudi, nikapanda tena treni. Ningejua, ningeweka nauli pembeni. Nikauliza kuhusu stenti, kile kijibomba cha wavu kinachoachwa ndani kuushikilia mshipa ubaki wazi. Daktari akasema wanaifikiria zaidi pale mshipa unaporudi kubana haraka, ndani ya miezi 3, kwa sababu nayo huziba.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, naizungusha pete. Mume wangu anadhani nataka kuivua.