Miaka miwili na PhysicsFS kwenye gemu yangu ya bao

Gemu yangu ya bao nimeiandika kwa lugha ya C, na ndani yake kuna sauti ya mama mtu mzima inayomwongoza mtoto tangu namua, awamu ya kwanza ya mchezo, mpaka mtaji, awamu ya pili. Mwanzoni kila picha na kila sauti ilikaa kama faili lake ndani ya folda, jumla mafaili 900 na ushei. Kuyahamisha kwa flashi kwenye kompyuta za shule kulikuwa kazi ya nusu siku, na likisahaulika moja tu, gemu inakwama mtoto akiwa katikati ya mchezo. Ndipo nikaanza kutumia PhysicsFS, maktaba ndogo ya C (msimbo uliokwisha kuandikwa, unaouingiza kwenye programu yako) iliyoandikwa na Ryan C. Gordon, ya bure, chini ya leseni ya zlib. Wengi ninaozungumza nao wanadhani ni kifaa cha kufungulia ZIP, yaani faili moja linalofungasha mafaili mengi. Ni zaidi ya hapo.

Kazi yake hasa ni kutenganisha jina la faili na mahali lilipo. Ukishaiwasha kwa PHYSFS_init, unaipa orodha ya mahali pa kutafuta, moja baada ya nyingine, kwa PHYSFS_mount, yaani unapapachika. Mahali hapo panaweza kuwa folda ya kawaida au faili la ZIP, na inasoma hata PAK na WAD, vifurushi vya mafaili vya magemu ya zamani ya Quake na Doom. Wazo lenyewe lilichotwa kwenye mfumo wa faili wa Quake 3 ya mwaka 1999. Programu ikiomba sauti/kimbi.ogg, maktaba inaanza juu ya orodha na kushuka, na wa kwanza kuwa na jina hilo ndiye anayetoa. Msimbo wako hauna habari kama sauti imetoka kwenye diski au kwenye ZIP. Kwangu mimi hiyo ndiyo maana ya mfumo pepe wa faili: mti mmoja wa mafaili mbele ya programu, ingawa nyuma yake vimerundikwa vitu vinne au vitano tofauti.

Faida yake niliiona siku mwalimu mmoja aliponipigia simu. Sauti ilikuwa inamwambia mtoto aanzie kimbi, shimo la pili kutoka pembeni, wakati kidole kwenye skrini kinaonyesha kichwa, shimo la pembeni kabisa. Kwa anayejua bao hilo si kosa dogo. ZIP yangu kuu ilikuwa na MB 180, na sikuwa tayari kumwambia mwalimu ateketeze bando lake kwa neno moja. Nilirekodi upya sentensi ile, nikaiweka peke yake kwenye ZIP ya KB 60 kwa jina lilelile na folda ileile, nikamtumia kwa WhatsApp. Gemu yangu kila inapoanza hupachika ZIP za masahihisho mbele ya ile kuu. Hoja ya tatu ya PHYSFS_mount, yaani thamani ya tatu unayoipa kwenye mabano, ikiwa 0, kinachopachikwa kinakaa juu ya orodha. Faili jipya likalifunika la zamani. Sikubadilisha mstari hata mmoja wa msimbo. Ukitaka kuhakikisha lililosomwa ni lipi, PHYSFS_getRealDir inakutajia lilikotoka.

Jambo lililonisumbua zaidi ni herufi kubwa na ndogo. Kwenye Windows nilikuwa naandika Picha/Kete.png huku faili lenyewe ni picha/kete.png, na kila kitu kikaenda vizuri kwa miezi kwa sababu Windows haijali tofauti hiyo. Nilipofunga ZIP, kete zote zikatoweka ubaoni: mashimo matupu, sauti inaendelea kuhesabu. Ndani ya ZIP, K na k ni herufi mbili mbalimbali. Tangu hapo majina yangu yote ni herufi ndogo, na namsihi kila anayeanza afanye hivyo siku ya kwanza.

Upande wa kuandika, maktaba ni kali, na ukali huo naupenda. Folda ya kuandikia ni moja tu, unayoitaja kwa PHYSFS_setWriteDir, na ndani ya ZIP huandiki kitu. Njia ya faili yenye alama ya kurudi folda ya nyuma (..) inakataliwa papo hapo, kwa hiyo ZIP iliyotengenezwa na mtu mwingine haiwezi kuifanya gemu ichungulie nyaraka za shule. Alama za watoto nazihifadhi mahali panapotajwa na PHYSFS_getPrefDir, yaani folda ya mtumiaji mwenyewe, kwa hiyo sihitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta.

Kuna udhaifu mmoja wa kujiandaa nao. Faili lililobanwa ndani ya ZIP ukirudi nyuma wakati wa kulisoma, maktaba inalazimika kulifungua upya tangu mwanzo mpaka pale unapopataka. Muziki wangu ulikuwa unashtuka kila unapojirudia kwenye kompyuta za zamani. Dawa ni kutoyabana mafaili ya ogg na png, ambayo tayari yamebanwa yenyewe: ukifunga kwa amri ya zip -r -n .ogg:.png yanaingia jinsi yalivyo, na kuruka humo ndani kunakuwa kwepesi.

Jingine nililoligundua baadaye: ZIP huweka orodha ya yaliyomo mwishoni mwa faili, si mwanzoni. Kwa hiyo unaweza kuibandika nyuma ya programu yenyewe, kwa copy /b kwenye Windows, kisha ukaiambia PhysicsFS ipachike hiyo programu kama vile ni ZIP. Siku hizi naenda shuleni na bao.exe peke yake kwenye flashi, na mwalimu analinakili mwenyewe huku mimi nikiwapanga watoto kwenye viti.