Mbao za plastiki na maganda ya mpunga: chukua zile za bei ya juu

Nina hoteli ndogo Kasarani, na wateja wengi hupenda kukaa nje, kwenye sakafu ya mbao. Saiprasi ilishanichosha. Masika ikipita, hapa pameoza, pale pana mchwa, na fundi anaitwa tena. Safari hii nikajaribu mbao za plastiki kuukuu (ndoo na viti vilivyovunjika, yaani polipropilini) iliyochanganywa na maganda ya mpunga wa Mwea. Nilinunua kwenye karakana moja Kariobangi.

Wanauza aina mbili, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ya bei nafuu, maganda husagwa yakatiwa kwenye plastiki basi. Ya bei ya juu, maganda hulowekwa kwanza kwenye maji ya kostiki soda. Hiyo huondoa nta na sehemu ya lignini (gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mmea), uso wa ganda ukabaki na mikwaruzo ya kushikika. Kisha husuuzwa na kukaushwa kabisa. Ganda hupenda maji na plastiki huyakataa, kwa hiyo huongezwa pia polipropilini iliyopachikwa kemikali iitwayo maleiki anhidridi. Huyo ndiye mshenga, anaelewana na pande zote mbili.

Maneno ya muuzaji ni maneno tu. Niliomba kipande cha kila aina, nikavizamisha kwenye ndoo nyuma ya jikoni, nikavisahau huko kwa wiki kadhaa. Kile cha bei nafuu kilivimba pale kilipokatwa, na nilipokikwaruza kwa ukucha maganda yakang'oka. Hata kikiwa kikavu kilikuwa na harufu ya sukari iliyoungua, dalili kwamba mashine ilipitisha moto. Ukivuka nyuzi 200 hivi, ganda huanza kuungua. Kile kingine kilinyonya maji kidogo, lakini ukingo ulibaki mkali kama ulivyotoka kwenye msumeno.

Tukija kwa msumeno, fundi wangu alilalamika mchana kutwa. "Mama, hii mbao inakula meno!" Ana haki. Maganda ya mpunga yana silika nyingi, ile iliyomo kwenye mchanga, ndiyo maana yanakwangua chuma. Mwambie fundi aje na meno ya akiba na atoboe kwa drili kabla ya skrubu.

Si mbao ya kubeba paa. Hupinda ikiachwa na nafasi ndefu, kwa hiyo mihimili ya chini tuliisogeza karibu karibu kuliko ya saiprasi. Jua kali huitanua, acha upenyo kati ya ubao na ubao. Mchana huchoma nyayo, wala msitembee peku.

Masika imepita, sakafu iko sawa, na mchwa wameipita. Ningenunua tena, ila kwenye risiti wameandika "mbao za plastiki" tu, bila aina. Nenda na chaki, utie alama zako kabla hazijapakiwa kwenye mkokoteni.