Ten Count au My Brother's Husband: uanze na ipi?

Zote mbili ni manga (hadithi za michoro za Kijapani) zenye wanaume wanaopenda wanaume. Kwenye ridhaa, zinaachana mbali. Katika Ten Count ya Takarai Rihito (juzuu 6), Shirotani ana hofu kali ya uchafu. Kurose, mshauri nasaha, anamwandikisha orodha ya mambo 10 yanayomtisha, ayazoee moja baada ya jingine. Kisha tiba inageuka mapenzi, "hapana" ya Shirotani inapuuzwa, na aliyepaswa kumlinda ndiye anayemsukuma. Huo ni unyanyasaji, hata michoro ikivutia namna gani. Ila hofu na aibu zake zimechorwa kwa kina kisicho kawaida, hapo inashinda.

Tagame Gengoroh, mtunzi wa My Brother's Husband, anaishi wazi kama mwanaume anayependa wanaume, na kwenye uwakilishi inaonekana. Katika juzuu zake 4, Mike, Mkanada, anamtembelea Yaichi, pacha wa marehemu mumewe. Ubaguzi ni wa kimyakimya, nyumbani na shuleni. Mahaba ni machache. Kwa kweli si BL (Boys' Love, aina ya manga za mapenzi kati ya wanaume).

Ukitaka mahaba makali na unatambua dhuluma unapoisoma, Ten Count inakufaa. Umewahi kulazimishwa, au unamtafutia kijana kitabu? Chukua ya Tagame.